Uaminifu wa Pikapu Kuukuu kwa Mwenye Mfuko Mwepesi

Mkulima wa Lushoto ambaye kabichi zake hazina budi kufika Mombo kabla jua halijazinyausha, mvuvi wa Bagamoyo ambaye samaki wake hawajui kungoja, na seremala wa Morogoro ambaye kitanda alichokichonga hakipakiwi juu ya pikipiki, wote watatu wana haja moja: chombo cha kuchukua mzigo wa nusu tani mpaka tani moja, kwa bei ambayo haitawafanya watumwa wa deni. Pikapu mpya kwao ni muhali. Iliyo karibu na mkono wao ni pikapu kuukuu, yenye umri wa miaka kumi na mitano, ishirini, pengine thelathini, ambayo imekwisha kula chumvi ya nchi mbili au tatu kabla ya kufika kwao. Na swali wanalomwuliza kila fundi na kila dalali ni lile lile: ipi ya kutegemewa?

Aghalabu hujibiwa kwa jina, na jina lenyewe ni Hilux. Jina hili limeistahiki heshima yake, wala sikusudii kulivua nguo. Lakini jina si jibu, na mtu wa fedha kidogo anayelipokea kama jibu huweza kupata hasara ambayo tajiri haijui, kwa kuwa tajiri akikosea hununua jingine, ilhali yeye akikosea hurudi kwenye toroli. Madhumuni ya uchambuzi huu ni kuonyesha kwamba uaminifu wa gari kuukuu si sifa iliyofungiwa ndani ya chuma tangu kiwandani, bali ni mapatano ya mambo manne: namna gari lilivyoundwa, mikono iliyolishika, mafundi na spea waliopo mahali linapofanya kazi, na fedha iliyosalia mfukoni mwa mnunuzi siku ya pili baada ya kununua. Likikosekana moja, yale matatu hupwaya.

Maana ya uaminifu

Gari jipya husemwa kuwa la kuaminika likiwa haliharibiki. Kipimo hiki hakilifai gari la miaka ishirini, maana hakuna chuma wala mpira usiochakaa, na anayetafuta gari kuukuu lisiloharibika anatafuta maziwa ya kuku. Gari kuukuu huaminika kwa namna nyingine: hutoa ishara kabla ya kuanguka, huanguka mahali ambapo laweza kuinuliwa, na gharama ya kuliinua haizidi faida ya safari chache. Gari linalovuja oili kidogo kidogo kwa mwaka mzima, na mwenyewe akajua na kuongeza, ni aminifu kuliko gari linalong'aa ambalo siku moja, pasipo onyo, huzimika porini kwa sababu ya kitambuzi kidogo cha umeme ambacho hakuna fundi katika wilaya nzima awezaye kukisoma.

Mwaka 2003 kipindi kimoja cha televisheni cha Uingereza kiliichukua Hilux ya dizeli ya mwaka 1988, kikaizamisha katika maji ya bahari, kikaichoma moto, kikaiweka juu ya jengo lililobomolewa kwa baruti, na baada ya mateso hayo yote ikawaka. Watu wengi wanakumbuka kwamba haikufa. Wachache wanakumbuka jambo lililo kubwa zaidi, nalo ni kwamba ilifufuliwa na fundi mwenye vyombo vya kawaida, pasipo spea mpya. Sifa ya gari lile haikuwa kutodhurika, ilidhurika sana. Sifa yake ilikuwa kutengenezeka, na mwenye mfuko mwepesi anunuapo pikapu kuukuu, kutengenezeka ndiko anakokununua.

Historia yenye funzo

Hilux ya kwanza ilitoka mwaka 1968, ikaundwa katika kiwanda cha Hino kilichoko Hamura, nchini Japani, ikiwa na injini ya petroli ya lita 1.5 na uwezo wa kuchukua tani moja. Dizeli na mwendo wa magurudumu manne vilikuja katika kizazi cha tatu kilichoanza mwaka 1978. Wakati huo Afrika Mashariki ilikwisha kuzizoea pikapu za makabila mengine: Datsun 1200 ndogo, nyepesi, yenye kabureta na injini ambayo kijana aliyemaliza mwaka mmoja gerejini aliweza kuifungua na kuifunga, na Peugeot 404, iliyofuatwa baadaye na 504, ambayo pikapu yake ilitoka mwaka 1979, ikaunganishwa pia nchini Kenya, na kwa miaka mingi ikabeba maziwa, miraa, abiria na mbuzi katika barabara za vumbi kwa ustahimilivu uliowafanya watu waape kwa jina lake.

Iko wapi leo ile 504? Hapa ndipo penye funzo zito katika suala hili. Utengenezaji ulipokoma na spea zake zikaanza kuadimika madukani, gari lile lile, lenye chuma kile kile na ubunifu ule ule, liligeuka kutoka mtumishi mwaminifu kuwa mzigo. Haikubadilika bolti hata moja. Kilichobadilika ni ulimwengu ulioizunguka. Mwenye kuwa nayo leo huiweka kwa mapenzi, au huiweka kwa sababu ana ghala la spea alizozirithi, wala si kwa sababu hesabu inamruhusu.

Ilinganishwe na ile Datsun ndogo. Umbo lake halikufa mapema: nchini Afrika Kusini liliendelea kutengenezwa kwa jina la Nissan 1400 mpaka mwaka 2008, na kwa hiyo gari ambalo ubunifu wake ni wa miaka ya sabini lilikuwa likizaliwa upya katika karne hii, pamoja na spea zake. Haikuwa na nguvu kuliko Peugeot, wala starehe, wala sura. Lakini spea zake zilidumu, na kwa hiyo uaminifu wake ukadumu. Anayeuliza gari lipi ni imara, na aanze kwa kuuliza: je, spea za gari hili zitakuwapo miaka saba ijayo, tena umbali gani kutoka nyumbani kwangu? Atembee Gerezani na Kariakoo jijini Dar es Salaam, au barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi ambayo wengi bado waiita Grogan, au soko la Kisekka jijini Kampala, atazame rafu na marundo. Kinachoonekana kwa wingi pale ndicho kinachotengenezeka nchini, na kinachotafutwa kwa simu tatu na ahadi ya wiki mbili kitamlaza barabarani.

Injini na mafuta yetu

Pikapu kuukuu zilizo katika uwezo wa mtu wa kawaida zagawanyika makundi mawili makubwa, na mpaka ulio kati yao ni pampu ya dizeli. Kundi la kwanza ni la dizeli za zamani ambazo pampu yake huendeshwa kwa vyuma vitupu, pasipo kompyuta: Hilux zenye injini za ukoo wa L, yaani 2L ya lita 2.4, 3L ya lita 2.8 na 5L ya lita 3.0, Nissan zenye TD27 ya lita 2.7, na Isuzu zenye 4JA1 ya lita 2.5. Kundi la pili ni la dizeli zilizoenea tangu mwanzo wa karne hii, ambazo mafuta husukumwa katika bomba moja la pamoja kwa mkazo uzidio mara elfu moja ule wa hewa inayotuzunguka, na nozeli zake hufunguliwa na umeme kwa amri ya kompyuta. Katika kundi hili zimo 2KD na 1KD za Toyota na YD25 ya Nissan.

Insafu yataka isemwe kwamba kundi la pili lina nguvu zaidi, moshi haba zaidi, na kwa kila lita huenda mbali zaidi. Lakini nozeli zake zina matundu membamba mno na nafasi finyu mno baina ya chuma na chuma, kwa hiyo hazina msamaha kwa mafuta machafu. Nasi twajua historia ya mafuta yetu. Mafuta ya taa yalipokuwa rahisi kuliko dizeli, wachuuzi wasio na hofu ya Mungu waliyachanganya, hata Tanzania ikalazimika mwaka 2010 kuanza kutia mafuta alama maalumu ili kuwanasa, na mwaka uliofuata kupandisha ushuru wa mafuta ya taa. Kenya nayo mwaka 2018 ikaweka tozo yake kwa sababu hiyo hiyo. Madhara ya mchanganyiko huo hayakuwa katika nguvu ya injini tu. Dizeli ndiyo inayoilainisha pampu yenyewe, na mafuta ya taa hayana ulaini huo. Kila lita iliyoghoshiwa ilikuwa ikiikwangua pampu kama mchanga. Pampu ya kizamani ikikwanguka, hupelekwa kwa fundi wa pampu, hufunguliwa, hupimwa, hurudi kazini. Pampu na nozeli za kisasa zikikwanguka, mara nyingi hubadilishwa zote, na bei ya kubadilisha nozeli nne na pampu yaweza kuwa sehemu kubwa ya bei ya gari zima.

Kwa haki, hali ya mafuta imetengenea: tangu Januari mwaka 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubali dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 katika milioni, na alama za kunasa waghushi zimefanya kazi. Basi sisemi kwamba injini za kundi la pili zisinunuliwe. Nasema zinunuliwe na mtu anayejua kituo anachotilia mafuta, anayebadilisha filta kwa wakati, na aliye karibu na fundi mwenye mashine ya kuzisoma. Na asiye na matatu haya, kundi la kwanza ni sitara yake.

Hata katika kundi la kwanza, kila moja ina aibu yake. Injini za L zina mkanda wa taimingi ambao hupasa kubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi, na ukikatika huweza kuleta maangamizi. Nazo silinda hedi zake, hasa za 2L, huogopa joto, hupata nyufa, na kupanda mlima wa Kitonga na shehena iliyozidi wakati rediata imeziba ni kuitia hedi katika hukumu. TD27 haina mkanda wala cheni, taimingi yake huendeshwa na gia za chuma, na kwa hiyo mahali pale hapana kinachokatika. Ni nzito, ina kelele, lakini yastahimili dhuluma nyingi. 4JA1 hunyunyiza mafuta moja kwa moja juu ya pistoni, na hivyo huwaka upesi asubuhi ya baridi na hula mafuta kwa adabu. Mitsubishi L200 za zamani zenye 4D56 zina mikanda miwili, mmoja wa taimingi na mmoja wa mihimili ya kutuliza mtikisiko, na asiyejua kwamba upo wa pili huuacha uozee ndani mpaka ukatike na kuuvuta wa kwanza. Miongoni mwa za kisasa, YD25 za awali zilijulikana kwa cheni ya taimingi inayolegea hata kukatika, na 1KD kwa washa za shaba za nozeli zinazovujisha moshi ndani ya oili.

Kutu, adui asiyepiga kelele

Watu huinama kusikiliza injini na husahau kulala chini kutazama chesisi. Huu ni upungufu mkubwa, maana injini yaweza kuovahaliwa, gia boksi yaweza kupatikana nyingine, lakini chesisi iliyoliwa na kutu ndiyo uti wa mgongo uliovunjika. Wala jina kubwa si kinga. Nchini Marekani, Toyota Tacoma za miaka ya 1995 mpaka 2000, zenye injini zilizosifiwa na kila mtu, zilioza chesisi katika majimbo yanayomwaga chumvi barabarani wakati wa theluji, hata mwaka 2008 kampuni ikaongeza dhamana ya kutu kwa miaka 15 na kuyanunua tena magari yaliyooza zaidi. Kumbukumbu hii yatuhusu kwa njia mbili. Kwanza, pikapu nyingi za mitumba zitokazo Uingereza na sehemu za Japani zenye theluji zimepita katika chumvi hiyo hiyo. Pili, pwani yetu wenyewe, tangu Lamu hata Mtwara na visiwani, ina chumvi ya hewani isiyopumzika, na gari la kubebea samaki, ambalo maji ya barafu na ya bahari hulidondokea kila siku, huoza kutoka ndani kama jino.

Mahali pa kutazama ni nyuma ya kebini, na juu ya ekseli ya nyuma pale chesisi inapopinda, na kwenye vishikio vya springi. Apige kwa bisibisi: chuma kizima hulia, chuma kilichooza hujibu kwa sauti ya kigae. Atafute makovu ya kuchomelewa, na rangi nyeusi mpya iliyopakwa chini ya gari kuukuu, maana mtu hapaki wanja jicho lisilo na kasoro.

Mikono iliyolishika

Jambo la pili katika yale manne, na kwa maoni yangu ndilo lenye uzito kupita yote, ni maisha ya gari kabla ya kufika sokoni. Pikapu haikuumbwa kwa matembezi. Ni ng'ombe wa jembe, na ng'ombe wa jembe huchaguliwa kwa kutazamwa bega lililobeba nira. Ilibeba nini? Pikapu iliyobeba mawe na kokoto, ikaongezewa majani ya springi ili izidi tani yake, imevunjika mahali pasipoonekana: difu, beringi za magurudumu, klachi, na viungo vya chesisi vyote vimelipa. Iliyombeba mkaguzi wa mashamba na makoti yake ya mvua, hata ikiwa na kilomita nyingi zaidi, yaweza kuwa kijana kuliko ile.

Desturi ya Tanzania ya kulipima gari kwa herufi za namba yake, watu wakisema hili ni namba C na lile ni namba D, kisha wakalipa tofauti kubwa kwa tofauti hiyo, yastahili kutahadhariwa. Herufi hueleza siku gari lilipoandikishwa nchini; haielezi siku lilipozaliwa wala mateso liliyoyaona ng'ambo. Pikapu mbili zaweza kuwa na namba za mfuatano, moja imetengenezwa miaka saba kabla ya mwenziwe. Wala kipima kilomita si shahidi wa kuaminiwa, kwa kuwa hurudishwa nyuma kwa urahisi. Shahidi wa kweli ni raba za pedali, ukingo wa kiti cha dereva, usukani uliong'azwa na viganja, na zaidi ya vyote daftari la matengenezo kama lipo.

Magari ya serikali na ya miradi yanayouzwa mnadani yana sura mbili. Kwa upande mmoja, aghalabu yalipelekwa karakana kwa ratiba, na karatasi zake zaweza kupatikana. Kwa upande wa pili, yaliendeshwa na madereva wengi ambao hakuna hata mmoja aliyekuwa akilala nayo kwake, na mengine yalisimama uani miaka miwili mvua na jua vikiyala kabla ya nyundo ya dalali kugongwa. Anayenunua mnadani asisahau kuhesabu madhara ya kusimama: sili zilizokauka, breki zilizoganda, tangi la mafuta lililoota kutu.

Tena ipo dhuluma ambayo tumejifanyia wenyewe kwa jina la utundu. Gari likichemka, mafundi wengi huondoa thamostati na kuitupa, wakiamini kwamba wameipa injini nafuu. Kumbe injini isiyo na thamostati hufanya kazi ikiwa baridi kupita kiasi, hula mafuta, silinda zake huchakaa upesi, na chanzo cha kuchemka, kiwe rediata iliyoziba au gasketi iliyoungua, kimebaki pale pale kikingoja mlima. Vivyo hivyo kujaza maji ya kisima badala ya maji ya rediata yenye dawa ya kuzuia kutu, ambayo hugharimu kidogo, ni kuipandikizia silinda hedi kutu kwa mkono wa mwenyewe. Pikapu nyingi zinazoitwa mbovu hazikuzaliwa mbovu, zilisomeshwa ubovu.

Bei ya jina

Kwa nini Hilux kuukuu ni ghali kuliko umri wake? Sehemu moja ya sababu haimo katika ubora. Mwaka 2004 Toyota iliacha kuiuza Hilux katika soko la Japani, na haikuirudisha mpaka mwaka 2017; kizazi kilichozaliwa katika kipindi hicho, kinachojulikana kwetu kwa jina la Vigo, kilitengenezwa Thailand, Afrika Kusini na kwingineko. Hivyo chemchemi kubwa iliyotuletea magari ya mitumba kwa bei nafuu, yaani minada ya Japani, haikuwa na Hilux za miaka hiyo za kutuuzia, ilhali ilikuwa na magari madogo ya abiria kwa maelfu. Juu ya hayo zipo sheria: Kenya hairuhusu gari la mtumba lililozidi miaka minane kuingia, Uganda kwa sheria ya mwaka 2018 iliweka mpaka wa miaka 15, Tanzania huruhusu magari makuukuu lakini huyatoza zaidi. Zinazoingia ni chache, zilizomo ndani hupandishwa thamani, na yule wa mwisho katika mstari, mwenye fedha kidogo, hununua uhaba akidhani ananunua ubora.

Kwa hiyo twaweza kusema hivi. Kwa fedha ile ile inayonunua Hilux iliyochoka, mtu huweza kupata Nissan au Isuzu ya dizeli ya kizamani iliyotunzwa, na aliyetunzwa humshinda aliyesifiwa. Nchini Kenya hoja hii ina nguvu zaidi kwa Isuzu, maana zimeunganishwa Nairobi kwa miongo mingi, mafundi wamezizoea, na spea zake zi karibu. Uamuzi huu sharti ufuate mahali: penye Hilux nyingi, Hilux ndiyo yenye spea na fundi, na sehemu ya bei yake ya ziada ni halali, penye Isuzu nyingi, kushupalia Hilux ni kununua fahari.

Na yuko mshindani mdogo asiyepaswa kudharauliwa: kirikuu. Suzuki Carry na jamaa zake ziliundwa chini ya sheria ya Japani ya magari madogo, injini isiyozidi sentimita 660 za ujazo, urefu usiozidi mita 3.4, upana usiozidi mita 1.48, na mzigo wa kilo 350. Kwa anayezunguka mjini na makreti ya soda au mitungi ya gesi, kirikuu ni rehema: hula petroli kidogo, spea zake ni rahisi, na hupita vichochoroni. Uaminifu wake huvunjwa na jambo moja tu, nalo ni kufanywa pikapu ya tani moja. Anayemtwika kilo 700 kila siku asimlaumu Mjapani. Aliyemwandikia kilo 350 alisema kweli. Mkulima wa Lushoto mwenye gunia kumi na barabara ya mlima asimtazame. Seremala wa mjini amfikirie kabla ya kukopa.

Hesabu ya mnunuzi

Kosa lililo kubwa kuliko yote hutendeka siku ya kulipa: mtu hutoa fedha yote aliyo nayo. Kwa kufanya hivyo hununua gari bora kidogo, na huuza uwezo wa kulitunza. Kanuni ninayoipendekeza ni nyepesi. Katika kila shilingi kumi, saba zinunue gari, tatu zibaki. Mwenye fungu la shilingi 20,000,000 na atafute gari la 14,000,000, wala asisogezwe na maneno ya dalali. Zile sita zina kazi: kuhamisha kadi, bima, kisha matengenezo ya kwanza ambayo hayana kungoja, yaani mkanda wa taimingi ikiwa haijulikani ulibadilishwa lini, oili zote za injini, gia boksi na difu, filta zote, maji ya rediata, breki, matairi mawili au manne, na betri. Kinachosalia kikae, maana katika mwaka wa kwanza gari kuukuu humweleza mmiliki mpya siri zake moja baada ya moja, na kila siri ina bei. Aliye na fedha ya kuzisikiliza huwa na gari aminifu. Asiye nayo huahirisha, na kila ubovu mdogo ulioahirishwa huzaa mkubwa. Hivyo yaweza kutokea kwamba watu wawili wakanunua pikapu mapacha siku moja, moja ikawa baraka na nyingine balaa, pasipo tofauti yoyote katika chuma.

Nyumba njema si mlango, na ukaguzi uwe wa ndani. Aende asubuhi, tena amwombe mwuzaji asiliwashe gari kabla hajafika. Aguse injini kuhakikisha ni baridi, maana injini iliyopashwa moto mapema huficha tabia yake. Afungue kifuniko cha oili: utando kama chai ya maziwa ni habari ya maji yaliyochanganyika. Afungue rediata: mapovu yasiyokoma injini ikiunguruma ni habari ya gasketi au ya hedi. Atazame moshi: wa bluu ni oili inayoungua, mweusi uliozidi ni mafuta yasiyoungua vema, mweupe usiokoma hata injini ilipokwisha kupata moto waweza kuwa maji. Apande kilima kwa gia ya pili na ya tatu, aachie ghafula, asikie kama gia inaruka. Ajaribu magurudumu manne kama yapo. Afunge breki kwa nguvu mahali palipo salama. Alinganishe namba ya chesisi na ya kadi, tarakimu kwa tarakimu. Na alipe ujira wa fundi wake mwenyewe, asiye rafiki wa mwuzaji. Ujira huo ni mdogo kuliko tairi moja.

Kuna wasemao kwamba magari makuukuu yapigwe marufuku kabisa kwa sababu ya ajali na moshi. Hoja yao ina ukweli, hasa katika breki na usukani, na mtu anayebana fedha ya breki anaweka rehani roho ambazo si zake. Lakini kumnyima mkulima gari kuukuu hakumpi gari jipya. Humrudisha kwa mchuuzi anayemfuata shambani na kumpangia bei. Lililo la haki ni ukaguzi wa kweli usionunulika, spea halisi zinazotofautishwa na za bandia, na mafuta safi. Kwa maana mambo haya matatu humfanya mnyonge asitegemee bahati.

Tukimrudia mkulima wetu pale Mombo, namwona ana pikapu mbili mbele yake. Moja ina jina kubwa, rangi mpya, na mwuzaji mwenye maneno mengi. Nyingine imepauka, ina mkunjo mlangoni, lakini mwenyewe amelitoa chini ya kiti daftari la shule lenye tarehe za oili, za filta na za mkanda, kwa mwandiko wa kalamu tofauti za miaka tisa. Naichagua hii ya pili kwa niaba yake. Kisha namwomba jambo moja: jioni ile ile, baada ya kuhesabu fedha iliyobaki, aandike katika daftari lile, chini ya mstari wa mwisho wa mwenziwe, tarehe ya leo na kilomita za leo. Siku moja naye atakuwa mwuzaji, mbele ya mtu mwingine mwenye mfuko mwepesi, na uaminifu atakaomkabidhi hautakuwa ule uliotoka Japani, bali ule alioutia yeye.